Kando ya Kitanda cha Mgonjwa Mahututi: Mambo ya Kujifunza kwa Wauguzi



Katika masomo yetu ya uchungaji wa wagonjwa tumezoea kuzungumzia nyumba: namna ya kumtembelea bibi asiyeweza tena kupanda kilima kwenda kanisani, namna ya kumpelekea Komunyo, namna ya kukaa na familia. Leo tunaingia mahali panapowaogopesha wengi wetu, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, ambacho mjini kila mtu anakiita ICU. Hatuingii kwa mlango wa daktari. Tunaingia kwa mlango wa muuguzi, kwa sababu daktari hupita na kuondoka, lakini saa tisa usiku anayebaki na mgonjwa ni nesi.

Sisi wa Morogoro hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Jumamosi tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, karibu na kituo kikuu cha mabasi. Watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka. Waliofariki walipita 100. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba si wote waliofia pale barabarani. Majeruhi walipelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na waliokuwa na hali mbaya zaidi wakasafirishwa hadi Muhimbili, Dar es Salaam. Idadi ya marehemu iliendelea kupanda siku baada ya siku, wiki baada ya wiki. Maana yake ni kwamba kati ya moto na kaburi kulikuwa na siku nyingi za kazi ya wauguzi, kazi ambayo hakuna kamera iliyoipiga picha.

Hebu tuitazame kazi hiyo kwa karibu. Mtu aliyeungua sana hafi kwanza kwa sababu ya kidonda. Ngozi ikishaondoka, maji ya mwili huvuja, damu hupungua ujazo, presha hushuka, figo husimama. Kwa hiyo jambo la mapema kabisa, baada ya kuhakikisha anapumua, ni hesabu. Muuguzi humtazama mgonjwa na kukadiria sehemu ya mwili iliyoungua kwa kanuni ya tisa: kichwa ni asilimia 9, kila mkono 9, kila mguu 18, kifua na tumbo 18, mgongo 18, na sehemu za siri 1. Kisha kuna kanuni inayotumika sana ya kuzidisha: mililita 4, mara uzito wa mgonjwa kwa kilo, mara asilimia iliyoungua. Mtu wa kilo 60 aliyeungua asilimia 40 anahitaji mililita 9,600 za dripu katika saa 24 za kwanza, karibu lita 10. Nusu yake, 4,800, iingie katika saa 8 za mwanzo.

Hapo ndipo wanafunzi hukosea, na wauguzi wazoefu huwakumbusha kwa sauti kali: saa 8 hizo huhesabiwa tangu alipoungua, si tangu alipofika hospitali. Aliyechelewa njiani saa 2 amebakiwa na saa 6, kwa hiyo badala ya mililita 600 kwa saa anahitaji 800. Seti ya kawaida ya dripu hutoa matone 20 kwa kila mililita. Mililita 600 kwa saa ni matone 200 kwa dakika. Hakuna jicho linaloweza kuhesabu hayo, ndiyo maana hufunguliwa njia mbili za mshipa, na kinachohesabiwa ni chupa na saa ya ukutani.

Na hata hesabu hiyo ni mwanzo tu. Kinachomwambia muuguzi kama maji yanatosha ni mfuko wa mkojo. Mtu mzima anapaswa kutoa kama nusu mililita kwa kila kilo kwa saa, yaani mililita 30 kwa huyo wetu wa kilo 60. Ukishuka, dripu iongezwe. Ukizidi sana, ipunguzwe, kwa sababu maji mengi kupita kiasi huvimbisha mwili na kujaza mapafu. Kila saa muuguzi huinama, husoma mfuko, huandika. Ukimwona ameinama chini ya kitanda, usidhani ameangusha kalamu.

Tuongeze la nyumbani, kwa faida ya wanaparokia: aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta ya kula na mayai havifai kitu; vinamwongezea muuguzi kazi ya kusugua na mgonjwa maumivu. Na kama ameungua usoni, sauti imekuwa ya kukwaruza au vinyweleo vya puani vimeungua, akimbizwe hata kama anaongea vizuri, kwani koo linaweza kuvimba na kuziba baada ya saa chache.

Sasa neno lenyewe, mahututi. Kwa lugha ya mtaani mahututi ni mtu anayekaribia kufa. Kwa muuguzi ni mtu ambaye mojawapo ya mambo haya limeanza kushindwa: njia ya hewa, pumzi, mzunguko wa damu, fahamu. Hufuatwa kwa mpangilio huo huo, na hakuna kuruka. Mtu mzima akipumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, au chini ya 8, ni hatari. Oksijeni katika damu ikiwa chini ya asilimia 90, ni hatari. Presha ya juu ikishuka chini ya 90, mapigo yakizidi 130 au yakipungua chini ya 40, ni hatari. Kuhusu fahamu kuna ngazi nne ambazo hata frateri wa mwaka wa kwanza anaweza kuzishika: yuko macho; anaitikia akiitwa; anaitikia akifinywa tu; haitikii kabisa. Ukimkuta mgonjwa leo yuko ngazi ya pili na jana ulimwacha ya kwanza, usianze Rozari kabla ya kumwita nesi.

Pale Muhimbili iliwahi kufanyika kazi moja ya maana, iliyochapishwa mwaka 2015. Watafiti hawakuleta mashine mpya. Waliandaa mwongozo mfupi: dalili ikifika kiwango fulani cha hatari, muuguzi amwite daktari mara moja, na tiba ya kuanza imeshaandikwa. Dalili za hatari zilizopatiwa tiba ziliongezeka, na kati ya wagonjwa walioingia wakiwa na presha ya chini vifo vilipungua. Kwa jumla ya wagonjwa wote, vifo havikupungua kwa kiasi cha kuweza kujivunia. Tuseme ukweli huo pia. Lakini kwetu somo ni kubwa: mtu alikuwa akipimwa, namba zinaandikwa, karatasi inajaa, na hakuna kilichofanyika. Kupima si kutibu. Sisi wa seminari tunajua vizuri ugonjwa wa kuandika taarifa isiyomfikia mtu.

Utafiti mwingine mkubwa, uliotolewa mwaka 2025 na kuhusisha hospitali za nchi 22 za Afrika, ulikuta kwamba karibu mgonjwa 1 kati ya 8 waliolazwa ni mahututi, na kati ya hao 1 kati ya 5 hufariki ndani ya wiki moja. Wengi wao hawakuwa ICU. Walikuwa katika wodi za kawaida. Na kati ya walioshindwa kupumua, chini ya nusu walikuwa wakipata oksijeni. Kwa hiyo tusidhani habari hii inahusu chumba kimoja chenye mlango wa kioo. Mgonjwa mahututi yuko pia wodi namba fulani, kitanda cha tatu kutoka dirishani, na nesi wake ana wagonjwa wengine wengi.

Tuangalie zamu ya usiku. Inaanza kwa kukabidhiana, na wauguzi wazuri hukabidhiana kando ya kitanda, si mezani. Anayetoka hutaja mgonjwa ni nani, kilichomleta, hali yake sasa, na kinachosubiriwa. Anayeingia hasikilizi tu; anagusa. Anafuata kila mpira kwa mkono kutoka kwenye chupa hadi kwenye mwili. Anafungua mashine ya kunyonya makohozi aone kama inavuta. Anaangalia mfuko wa kupumulishia kwa mkono kama upo kichwani pa kitanda, kwa sababu umeme ukikatika na jenereta ikachelewa, mashine ya kupumulia inaweza kunyamaza, na mikono yake itakuwa ndiyo mashine: kubonyeza mara 10 hadi 12 kwa dakika, bila kuharakisha ingawa moyo wake mwenyewe unakimbia.

Inafaa mafrateri wajue kwamba chumba hiki kilizaliwa kwa mikono ya wanafunzi. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, Denmark, ulikumbwa na ugonjwa wa polio uliopooza misuli ya kupumua. Daktari wa usingizi aliyeitwa Bjørn Ibsen alishauri watobolewe koo, wawekewe mpira, na wapumulishwe kwa mfuko wa mkono. Mashine hazikutosha, basi wakaitwa wanafunzi wa udaktari, mamia kwa mamia, wakaketi kando ya vitanda kwa zamu wakibonyeza mfuko mchana na usiku. Vifo vilishuka sana. Mwaka uliofuata Ibsen akaanzisha chumba cha kuwakusanya wagonjwa wa namna hiyo mahali pamoja, wakiangaliwa saa zote.

Turudi usikuni. Kila saa 2 mgonjwa asiyejigeuza hugeuzwa, kwa sababu mfupa ukikandamiza ngozi mahali pamoja kwa muda mrefu, nyama hufa, na kidonda cha kulalia kinaweza kumwua mtu aliyepona ugonjwa uliomleta. Kugeuza mtu mzima mwenye mipira mitano kunahitaji watu wawili, mmoja akishika kichwa na mpira wa hewa. Kitanda huinuliwa upande wa kichwa, nyuzi 30 au zaidi, ili chakula kisirudi na kuingia mapafuni. Kinywa husafishwa. Macho yasiyofumba hulainishwa na kufunikwa yasikauke. Kabla ya kumlisha kwa mpira wa puani, muuguzi huhakikisha kwanza mpira uko tumboni. Uji mzuri wa lishe uliopikwa kwa upendo na mama mkwe, ukiingia kwenye pafu, ni sumu.

Oksijeni nayo ni hesabu. Mtungi mkubwa hubeba lita kama 6,800. Kwa lita 10 kwa dakika unakwisha baada ya saa 11 na dakika kidogo. Mtungi mdogo wa gari la wagonjwa una kama lita 680: kwa kasi hiyo hiyo ni dakika 68 tu. Sasa mfikirie mgonjwa anayeteremshwa kutoka Mgeta au Kolero msimu wa masika, barabara imekatwa na matope. Muuguzi anayemsindikiza anagawanya lita kwa dakika kabla gari halijawashwa, na kama jibu ni dogo kuliko safari, anadai mtungi wa pili. Dereva anaweza kununa. Anune. Kwa mama mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga mwenye dharura, ipo namba 115 ya bure ya mpango wa m-mama. Iandikwe ukutani katika kila kigango.

Milima yetu ya Uluguru ina jambo lake jingine. Mgeta na Nyandira ni kwa watu wa kabichi, karoti na viazi, na penye mboga pana dawa za wadudu. Aliyekunywa au aliyemwagikiwa na baadhi ya dawa hizo hufika akitokwa mate na jasho, mboni za macho zimekuwa kama ncha ya sindano, kifua kimejaa majimaji. Muuguzi huvaa glavu, humvua nguo zote na kumwosha, maana sumu hupita kwenye ngozi, hata ya anayemhudumia. Kisha huanza atropini, dozi huongezwa maradufu kila dakika chache hadi kifua kikauke. Kazi ya nesi ni kusikiliza kifua tena na tena usiku mzima, kwa sababu sumu iliyotulia saa nne usiku inaweza kurudi alfajiri. Kama mtu alikunywa kwa makusudi, nesi anajua, na hasemi. Nasi tukifika tusiulize mbele ya watu.

Sasa tuje kwetu. Padre akiitwa kwa Mpako wa Wagonjwa, aje mara moja, lakini aanze kwa kunawa mikono na kumsalimia muuguzi wa kitanda kile. (Watu wetu humwita kila nesi “sista”, na nesi mwanamume humwita “dokta”. Si vibaya, ila kumwuliza jina lake ni bora.) Mwulize: naweza kugusa wapi? Mafuta hupakwa kwenye paji la uso na mikononi. Mkononi kuna kanula na kidoleni kuna kipimo cha oksijeni. Basi tumia kiganja, na usiondoe kitu. Kama mikono imeungua, mpako mmoja wa paji unatosha wakati wa lazima, na kama paji nalo haliguswi, sehemu nyingine ya mwili inafaa. Ikiwa kuna shaka kama mgonjwa bado yu hai, sheria ya Kanisa, kanuni ya 1005, inaelekeza sakramenti itolewe. Frateri hawezi kutoa mpako, lakini anaweza kusali na kumwita padre mapema, na hilo la mapema ndilo linalokosekana mara nyingi.

Mishumaa isiwashwe. Tunarudia: mishumaa isiwashwe. Mahali penye oksijeni kitambaa huwaka kwa kasi ambayo hutaweza kuizima. Maji ya baraka yasinyunyizwe juu ya mashine. Komunyo ya mwisho, masurufu ya safari, isitolewe kwa mgonjwa kabla ya kumwuliza nesi kama anameza. Aliyewekewa mpira wa hewa hamezi chochote, na aliye dhaifu anaweza kupaliwa hata na kipande kidogo. Pia ongea naye. Mwenye usingizi wa dawa anaweza kusikia, na wauguzi humweleza kila wanachofanya: “Baba, sasa nakugeuza upande wa kushoto.” Tusisimame juu yake tukijadili mazishi.

Familia ichague msemaji mmoja. Huku kwetu jambo hili lina uzito wake, maana Waluguru hufuata ukoo wa mama, na mke anaweza kusema “tumsubiri mjomba” wakati mgonjwa anahitaji upasuaji ndani ya saa moja. Nesi mwenye busara hampuuzi mjomba. Humpigia simu saa ile ile. Paroko anayemfahamu mjomba huyo ana kazi ya kufanya kabla hata ya kufungua chupa ya mafuta matakatifu.

Kuna pia swali la kuacha mashine, ambalo waamini hutuuliza kwa woga. Papa Pio wa XII alilijibu tarehe 24 Novemba 1957 akizungumza na madaktari wa usingizi: mtu anawajibika kutumia njia za kawaida za kulinda uhai, halazimiki kutumia zile zinazozidi kiasi, zinazomwekea yeye au wengine mzigo mkubwa mno. Kuacha kilichozidi kiasi si kuua. Lakini kuna kisichoachwa: dawa ya maumivu, kinywa kilicholainishwa, shuka safi, mtu wa kushika mkono. Muuguzi hufanya hayo hadi mwisho, na baada ya mwisho hufumba macho, huondoa mipira, huosha, hufunga kidevu, halafu ndipo huwaita ndugu waingie. Tukikuta ndugu wamefika kabla hajamaliza, tuwazuie nje kwa upole dakika chache.

Limebaki moja ambalo parokia inaweza kufanya hata Jumapili hii, nalo ni damu. Wagonjwa wa ajali za barabara kuu ya kwenda Mikumi, akina mama waliotokwa damu wakijifungua, watoto wenye malaria kali, wote hungoja chupa ambayo haitengenezwi kiwandani. Mchango mmoja ni kama mililita 450. Mwanamume mwenye afya anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo waandike majina ya walio tayari na namba zao za simu, makundi ya damu yakijulikana yaandikwe pia, na orodha ikabidhiwe kwa maabara ya hospitali iliyo karibu, si kubaki kwenye kabati la sakristia.